Magoti Yanalia, Vidole Vimekaza: Barua Zenu za Viungo

Mwezi huu barua za magoti zimenijia nyingi hadi nikashangaa kama kuna mtu bado anatembea bila kuguna. Nimezisoma nikiwa nimeunyoosha mguu wa kushoto juu ya kiti cha pili, maana goti langu la kushoto nalo lina maneno yake. Nina miaka 63, na 31 kati ya hiyo nimeitumia kuwafanyisha watu mazoezi ya viungo hospitalini. Kwa hiyo humu mna niliyoyasoma, niliyoyaona kwa wagonjwa, na moja au mawili ambayo nimefunzwa na ujinga wangu mwenyewe. Nimechagua barua tano.

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu, umri wangu miaka 51. Kila nikichuchumaa kuokota chaki, magoti yanaalika kwa! kwa! na darasa zima linaangua kicheko. Hayaumi hata kidogo. Mwenzangu ofisini anasema mafuta ya magoti yamekwisha na nisipoyaongeza nitaishia kwenye kiti cha magurudumu. Nyumbani nako mke wangu anamgombeza binti yetu kwa kuvunja vidole, eti atapata yabisi ukubwani. Nani mkweli?*

Marahaba mwanangu. Mwenzako ana nia njema, lakini magoti hayajui.

Nianze na hayo mafuta, kwa sababu nimeyasikia kila siku ya kazi yangu. Ndani ya kiungo hamna mafuta. Mna ute, unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, na ni kidogo mno: goti zima lenye afya, la mtu mzima, halina ute wa kujaza kijiko cha chai. Na hapa ndipo hadithi ya mafuta inapoanguka. Goti bovu mara nyingi huwa na ute *mwingi* kuliko zima. Ndio huo unaolifanya livimbe na kujaa kama mfuko wa maji. Nimeshuhudia daktari akichomeka sindano kwenye goti la mtu aliyeapa kwamba limekauka, na bomba likajaa.

Sasa huo mlio. Ukikivuta kiungo ghafla, nafasi iliyo kati ya mifupa inapanuka, msukumo ndani unashuka, na hewa iliyoyeyuka ndani ya ute inajitenga na kuwa povu. Mwaka 1947, wataalamu wawili wa London waliwavuta watu vidole chini ya eksirei wakasema mlio unatokea povu linapozaliwa. Mwaka 1971 wengine wa Leeds wakabisha: mlio ni wa povu kupasuka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wakamwingiza mtu kidole kwenye mashine ya MRI, wakakivuta taratibu huku wakipiga picha mfululizo, wakaona mlio umekuja wakati uwazi unajitengeneza, na uwazi wenyewe ukabaki pale pale. Miaka mitatu baadaye wengine wakaja na hesabu zao kutetea kupasuka. Kwa kidole tu, watu wazima wamebishana zaidi ya miaka 70! Wasilobishania ni kwamba kidole kikishalia hakilii tena mpaka zipite kama dakika 20, hewa irudi kuyeyuka.

Kuhusu binti yako, mpe mkeo habari za daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger. Utotoni mama yake na shangazi zake walimtisha vivyo hivyo. Yeye akaamua kuvialisha vidole vya mkono wa kushoto angalau mara mbili kila siku, na vya kulia akaviacha, avitumie kulinganishia. Mwaka 1998, baada ya miaka 50, alitangaza kwamba mikono yote miwili ni mizima sawasawa. Mwaka 2009 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mtu mmoja si ushahidi, najua, ila waliolinganisha watu wengi zaidi nao hawakukuta kwamba wavunja vidole wanaugua yabisi kuliko wengine. Kama mkeo anachukia tu ile sauti, hiyo ni haki yake. Aseme hivyo.

Magoti yako yanaweza kulia kwa sababu nyingine pia. Kuna kano inayoruka juu ya mfupa, na kuna ule mkwaruzo. Weka kiganja juu ya kofia ya goti kisha ukunje na kukunjua polepole. Mimi nikifanya hivyo nasikia mkononi kama mtu anakanyaga mchanga mkavu. Nimeusikia mchanga huo tangu nikiwa na miaka 40 na kitu. Usio na maumivu, uache. Ukiambatana na maumivu, na uvimbe, au goti likagoma katikati lisikunjuke wala kukunjika, au likawa linakuachia ghafla ukishuka ngazi, hapo nenda likaangaliwe.

Darasani okota chaki kama kawaida yako. Ukiacha kuchuchumaa kwa kuogopa mlio, baada ya miaka michache utakuwa huwezi kuchuchumaa kweli.

*Habari za kazi, Mama. Mimi ni fundi cherehani, miaka 44. Miezi minne sasa naamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba na kukakamaa. Siwezi kufunga kifungo wala kushika mkasi mpaka saa nne asubuhi. Pete ya ndoa nimeivua, haiingii. Nachoka kama niliyebeba mizigo usiku kucha. Nimeambiwa ni uzee unaanza, na ni baridi kwa sababu nanawa maji ya baridi. Jirani amenipa vidonge vyake, nikivinywa napona siku hiyo hiyo. Niendelee navyo?*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na kama ningekuwa na namba yako ningekupigia kabla gazeti halijachapwa.

Jina letu la ugonjwa huu limetuponza. Tunasema *baridi yabisi*, mtu akisikia baridi anatupa lawama kwenye maji, upepo na sakafu. Hali ya hewa inaweza kuwafanya baadhi ya wagonjwa wasikie maumivu zaidi, wengine wala, lakini haiwapi ugonjwa. Na uzee wa viungo hauji hivi unavyoeleza. Ule wa kuchakaa, unaoitwa ostioathritisi, ukikukamata asubuhi hukukaza robo saa, nusu saa ikizidi, ukishachangamka unaachia. Kwenye vidole hupenda pingili za mwisho karibu na kucha, na zile za katikati, na huacha vinundu vigumu kama punje. Wewe unakaza kwa masaa, mikono yote miwili sawia, na mwili mzima umechoka. Huo unafanana na ndugu mwingine kabisa, rumatoidi, ambapo kinga ya mwili, badala ya kupambana na maradhi, inashambulia ngozi laini inayovika kiungo kwa ndani. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na haungoji uzeeni.

Jaribu jambo moja. Mtu akushike kiganja kama anayekusalimu, kisha akikamue taratibu kwa pembeni, pale vidole vinapoanzia. Hospitalini nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Wenye vidole vilivyochakaa tu walikuwa wanaendelea kuongea. Wenye rumatoidi walikuwa wanavuta pumzi kwa meno na kunyang'anya mkono. Hicho si kipimo cha kumaliza mambo, ila kikikuuma hivyo, usisubiri wiki nyingine. Omba kuonwa na daktari wa viungo, au daktari wa magonjwa ya ndani kama huyo hayupo, umweleze mambo matatu kwa mpangilio: ni miezi mingapi, ni viungo gani, na asubuhi unakaza mpaka saa ngapi. Hilo la tatu watu hulisahau, na ndilo linalomwamsha daktari. Kama vidole vinavimba na kunywea, vipige picha kwa simu siku ya uvimbe. Watachukua damu. Jibu likitoka safi usirudi nyumbani ukashangilia, kwa sababu wapo wenye ugonjwa huu ambao damu yao haionyeshi.

Haraka yangu ina sababu. Rumatoidi ikiachwa inakula mfupa na kupinda vidole, na kilicholiwa hakirudi. Ikiwahiwa katika miezi ya mwanzo, dawa zipo za kuituliza, na wengi wanarudi kwenye kazi zao. Inayoanzwa mara nyingi ni methotreksati. Ukipewa vidonge vyake, sikia vizuri: vinanywewa *siku moja kwa wiki*, si kila siku. Chagua siku, iandike kwenye pakiti kwa kalamu nzito, mwambie na mtu wa nyumbani. Kuna watu wamekufa kwa kuinywa kila siku kwa kukosea. Na kama unatarajia kupata mtoto mwambie daktari mapema, maana haiendi na mimba.

Nimefika kwa jirani. Dawa inayomwondolea mtu uvimbe wa viungo siku moja, kwa harufu tu naihisi ni prednisoloni au ndugu yake, jamii ya kotisoni. Mwaka 1948 kliniki ya Mayo kule Marekani ilimpa kotisoni mgonjwa wa rumatoidi aliyekuwa hajiwezi, na baada ya siku chache akawa anatembea. Dunia ikadhani tiba imepatikana, na mwaka 1950 waliohusika wakapewa Tuzo ya Nobel. Kisha madhara yakaanza kuonekana: uso kuvimba, mifupa kuwa myepesi, sukari kupanda, mwili kushindwa kupigana na maambukizi. Madaktari bado wanaitumia, kwa kiasi na kwa muda, wakikufuatilia. Vidonge vya jirani havina wa kuvifuatilia. Ila kama umevinywa kwa wiki kadhaa mfululizo usivikatize leo kwa sababu yangu, mwili unakuwa umeshazoea na kuacha ghafla ni hatari. Chukua pakiti, au hata kidonge kimoja, mpelekee daktari akione, yeye ndiye atakupunguzia.

*Dada yangu, nina miaka 67, mstaafu. Nilipigwa eksirei ya magoti, nikaambiwa mifupa inasagana, nisitembee sana nisije nikaimaliza. Tangu hapo, mwaka mzima, nakaa. Nimeongezeka kilo tisa na maumivu ndiyo kwanza yamezidi. Natumia vidonge vya kutuliza maumivu na vya kujenga gegedu. Nimeambiwa pia nikasafishwe goti. Ushauri wako?*

Shikamoo kaka. Wewe umeadhibiwa kwa neno moja tu, *inasagana*. Ningekuwa na mamlaka ningelifuta kwenye vyumba vyote vya eksirei.

Goti si bawaba ya mlango iliyohesabiwa mara za kufunguka. Mwishoni mwa mifupa kuna gegedu, lile tandiko jeupe linaloteleza, na gegedu halina mishipa ya damu. Linakula kwa kukandamizwa. Ukikanyaga, linabanwa kama sifongo na kutoa maji machafu. Ukiinua mguu, linafyonza ute mpya wenye chakula chake. Mtu anayekaa mwaka mzima kulitunza gegedu amelinyima chakula mwaka mzima. Juu ya hapo, msuli mkubwa wa paja, ambao ndio mlinzi wa goti, umenyauka, na kilo tisa zimeongezeka juu yake. Watafiti waliowapima wazee wenye magoti mabovu walikuta kwamba kila kilo 1 inayopungua mwilini inaliondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 katika kila hatua. Basi piga hesabu ya zako tisa, kwa kurudi nyuma.

Na gegedu halina neva pia, haliwezi kuuma lenyewe. Maumivu yanatoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye ngozi ya ndani ya kiungo, kwenye kano na misuli. Ndiyo maana eksirei na maumivu haviongei lugha moja. Nimefanyisha mazoezi watu ambao picha zao zilikuwa za kutisha, nao wanapanda ngazi wakipiga soga. Na nimewaona wenye picha nzuri wanalia. Hauko peke yako, kama hilo linafariji: Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa na ostioathritisi, na kiungo kinachoongoza ni goti.

Anza na kiti. Kiti kigumu, kisicho na magurudumu, kilichoegemezwa ukutani. Kaa, nyoosha mguu mmoja mpaka uwe sawa na paja, vuta vidole vya mguu vikuelekee, ushikilie huku unahesabu mpaka tano, ushushe *polepole*. Shika paja kwa mkono. Usipousikia msuli umekuwa mgumu, bado hujafanya kitu. Mara kumi kila mguu. Wiki ya pili, ongeza kusimama na kukaa bila kujisukuma kwa mikono. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti kiwe kirefu zaidi, kisha siku zikienda utoe mto. Tembea dakika kumi, ukizoea ongeza. Litauma, na sitakudanganya. Kipimo changu ni kesho yake: maumivu yakirudi kiwango chake cha kawaida ndani ya siku moja, uko sawa. Yakiwa bado yamepanda, ulizidisha, punguza lakini usiache. Wengi huanza kuona tofauti baada ya wiki sita hadi nane, na wengi, ole wao, huacha wiki ya tatu.

Dawa. Hapa naomba nikiri kosa. Nilipoumia goti nilijipa dikilofenaki mwenyewe, asubuhi na jioni, miezi mitano, mimi niliyewakataza watu. Siku moja choo kikatoka cheusi kama lami, kesho yake nikaanguka kwenye ngazi kwa kizunguzungu. Tumbo lilikuwa linavuja damu. Vidonge vya jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, vinatoboa tumbo, vinachosha figo na kupandisha shinikizo la damu, na katika umri wetu kaka hayo yote yanatungoja mlangoni. Jeli ya kupaka ya dawa hiyo hiyo inasaidia goti na ni kidogo tu inayoingia kwenye damu. Anza na hiyo. Ukihitaji vidonge, vinywe kwa siku chache kwa ruhusa ya daktari anayejua shinikizo lako na figo zako.

Vya kujenga gegedu, nadhani ni glukosamini na kondroitini. Mwaka 2006 Wamarekani walichapisha jaribio la watu 1,583 wenye magoti kama yako. Kwa ujumla wao vidonge hivyo havikuvishinda vidonge vya kuigiza, visivyo na dawa ndani. Hela ni zako. Na kusafishwa goti kwa matundu madogo: mwaka 2002 lilitangazwa jaribio la watu 180 ambapo baadhi walisafishwa kweli na wengine walichanjwa ngozi tu wakashonwa, bila kujua. Walifuatiliwa miaka miwili, na waliosafishwa hawakuwa na nafuu kuliko waliochanjwa. Kwa goti lililochakaa tu, mimi nisingekubali.

Upasuaji wenye maana upo, ni ule wa kubadilisha goti. Ni wa mtu aliyejaribu mazoezi kwa dhati, amepunguza uzito, na bado maumivu yanamwamsha usiku au hafiki msalani bila kushikwa. Kwenye nchi zenye kumbukumbu ndefu za upasuaji huo, zaidi ya magoti 8 kati ya 10 yamekutwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Lakini hata huko watakuuliza kwanza paja lako likoje. Kwa hiyo kiti kile kile.

*Mama nisaidie. Usiku wa manane kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, kinawaka moto. Hata shuka likikigusa napiga kelele. Juzi nilikuwa mzima. Nina miaka 58 na nanywa dawa ya presha ya kukojosha.*

Shuka ndilo limekutaja. Karibu kila mwenye jongo anayenisimulia huanza na shuka. Asidi ya yuriki imezidi kwenye damu na kuganda kuwa vijiwe vyenye ncha kama sindano ndani ya kiungo. Pombe na nyama, hasa maini na figo, huchochea, na baadhi ya dawa za kukojosha nazo huipandisha. Usiache dawa ya presha, mwulize daktari kama inaweza kubadilishwa. Shambulio litapoa kwa siku kadhaa, na hapo ndipo watu hujisahau mpaka lije la pili. Rudi upimwe asidi hiyo hata kama hakiumi tena, kwa kuwa dawa ya kuishusha kwa muda mrefu ipo. Ila kama unaposoma haya una homa na unatetemeka, liweke gazeti chini uende hospitali leo. Kiungo chenye joto pamoja na homa kinaweza kuwa na usaha, na usaha unaweza kukiharibu kiungo kwa siku chache tu.

*Shikamoo Bibi. Nina miaka 15. Bibi yangu ana nyonga mbovu ya kulia na amenunuliwa mkongojo. Anaushika mkono wa kulia, upande unaouma, na bado anayumba. Tunabishana nyumbani. Ni mkono gani?*

Marahaba mjukuu wangu. Ni wa kushoto. Umeshinda, kama ulikuwa upande huo.

Anapokanyaga mguu wa kulia, mwili wake unataka kuanguka upande wa kushoto, na misuli ya nyonga mbovu ndiyo inayovuta kuuzuia. Mkongojo ukiwa kushoto unaushikilia mwili kwa upande ule, nyonga inapumzika. Mwambie mkongojo na mguu unaouma viende mbele *pamoja*, kisha mguu mzima ufuate. Ngazi: kupanda atangulize mguu mzima, kushuka atangulize mkongojo na mguu mbovu.

Halafu upime urefu wake. Avae viatu anavyovaa kila siku, asimame wima, mikono ining'inie. Kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ukiwa mrefu bega litapanda, mfupi atainama, na nadhani huo wake ulinunuliwa bila yeye kuwepo. Geuza pia chini uangalie mpira: ukiwa umelika na kuwa laini kama kisigino cha zamani, ubadilishwe kabla hajatembea nao kwenye sakafu yenye maji. Siku mbili za kwanza mkono wa kushoto atauona kama si wake. Mimi nilijikwaa na mkongojo wangu mwenyewe mara tatu, mbele ya wagonjwa.